Grafu za umri wa watu kwenye IELTS: mwongozo kwa mtahiniwa wa Kigoma na Tabora

Kama kidato cha tano na sita ulisoma HGL, CBG au EGM, michepuo yenye Jografia, piramidi ya watu si ngeni kwako. Kitako kipana, watoto wengi. Ncha nyembamba, wazee wachache. Mwalimu wa Jografia alikuchoresha mpaka mkono ukazoea. Shida ni kwamba mafunzo hayohayo ndiyo yanayowaponza wengi. Kwenye mtihani wa taifa wa NECTA ulipata alama kwa kutaja sababu: ndoa za mapema, elimu ndogo ya uzazi wa mpango, hamu ya kupata watoto wa kusaidia shambani. IELTS, mtihani wa Kiingereza kwa wanaotaka kusoma au kufanya kazi nje, haikuulizi sababu hata moja. Inakuwekea grafu mbele na kukuambia ueleze yaliyo muhimu na ulinganishe panapostahili. Ukianza kufafanua kwa nini nchi fulani wanazaa sana na nyingine hawazai, umeshatoka nje ya swali na dakika zinakwenda.

Nasahihisha karatasi za mazoezi za watu wa Mwanga, Gungu na Ujiji: wauguzi, walimu, vijana wanaoomba ufadhili wa masomo. Kosa hili ndilo linaloongoza. Muuguzi mmoja wa Kasulu, Kiingereza chake kimenyooka kabisa, alitumia mistari minane kueleza umuhimu wa kliniki ya mama na mtoto. Grafu ilikuwa ya Italia. Nilipompigia mstari mwekundu akaniuliza, "Sasa mwalimu, si ndiyo ukweli?" Ni ukweli, dada, lakini kwenye grafu haupo.

Kabla ya yote, hakikisha unafanya mtihani upi. Grafu zipo kwenye IELTS ya Academic, ambayo ndiyo vyuo vikuu vya nje huitaka kwa kawaida. Aliyejiandikisha General Training ataandika barua, wala hataona grafu. Sehemu ya kuandika ina dakika 60 na kazi mbili: ya kwanza grafu, maneno yasiyopungua 150, ya pili insha, maneno yasiyopungua 250. Insha ina uzito mara mbili ya grafu, kwa hiyo grafu ipe dakika 20, si 30. Nimeona watu hodari wakipamba grafu kama bibi harusi, halafu insha wakaimalizia mbiombio.

Hatua ya kwanza: dakika tatu bila kuandika sentensi

Tafuta mambo matatu. Grafu inapima nini, ni ya miaka ipi, na makundi ya umri yamegawanywaje. Mawili ya mwisho ni rahisi. Mwaka uliopita unataka wakati uliopita. Mwaka ambao haujafika unataka lugha ya makadirio. Makundi mara nyingi ni matatu: watoto, watu wa umri wa kufanya kazi, na wazee. Ila mipaka hubadilika: grafu moja inaanza uzee miaka 60, nyingine 65. Soma ilivyoandikwa, usikariri.

La kwanza ndilo lenye mtego. Grafu nyingi za umri, hasa zile za duara, hupima asilimia wala hazisemi idadi. Chukua nchi ya watu milioni 10 ambayo nusu yao ni watoto: watoto milioni 5. Miaka 40 baadaye nchi ina watu milioni 20 na watoto ni asilimia 40: watoto milioni 8. Sehemu ya watoto imeshuka, idadi yao imepanda. Na si mambo ya kufikirika. Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3 kwenye sensa ya 1967, na milioni 61.7 kwenye ile ya 2022. Katika nchi inayokua hivyo, asilimia ya kundi inaweza kupungua huku shule zikizidi kujaa. Kwa hiyo ukiandika "The number of children fell" juu ya grafu ya asilimia, umedai jambo ambalo grafu haikulisema. Andika "The proportion of children fell" au "The share of children fell". Hapa ndipo msahihishaji anapojua kama umeielewa data au unabahatisha.

Hatua ya pili: mishale

Kwa mazoezi, tuchukue nchi mbili za kubuni. Tarakimu hizi nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya somo tu, usizinukuu popote.

Nchi A, mwaka 2020: watoto chini ya miaka 15 ni 44%, wa miaka 15 hadi 64 ni 53%, wa 65 na kuendelea ni 3%. Mwaka 2060 makadirio ni 31%, 62% na 7%.

Nchi B, mwaka 2020: 13%, 59% na 28%. Mwaka 2060: 10%, 51% na 39%.

Tarakimu 12. Anayeanza kuandika papo hapo ataziorodhesha zote kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Wewe chora mishale pembeni. Watoto: A chini, B chini. Wazee: A juu, B juu. Umri wa kazi: A juu, B chini.

Sasa itazame mishale yako. Inapokubaliana umepata mwelekeo wa pamoja: nchi zote mbili zinazeeka. Inapopishana umepata tofauti kubwa kuliko zote: watu wa umri wa kazi wanaongezeka upande mmoja na kupungua upande mwingine. Mambo hayo mawili ni nusu ya jibu lako, na bado hujaandika neno.

Ongeza jambo la tatu, ukubwa wa pengo. Mwaka 2020 watoto wa A ni zaidi ya mara tatu ya wale wa B kwa asilimia. Hata baada ya miaka 40, A inabaki nchi ya vijana. Grafu hizi huchaguliwa makusudi kwa ajili ya tofauti za namna hiyo. Duniani zipo kweli: Niger, ambako karibu nusu ya watu hawajafika miaka 15, na Japani, ambako karibu watu watatu katika kila kumi wameshavuka 65. Usipolisema pengo hilo, msahihishaji atashangaa ulikuwa unaangalia nini.

Hatua ya tatu: sentensi ya kufungulia

Isikuumize kichwa. Sema grafu inaonyesha nini, wapi, lini, kwa maneno yako. Usinakili swali, maneno yaliyonakiliwa hayahesabiwi kwenye zile 150. Sentensi moja inatosha:

"The charts compare the age structure of Country A and Country B in 2020 and show how it is expected to change by 2060."

Hatua ya nne: picha ya jumla

Hapa ndipo nataka ukae. Kuna vigezo vinne vya kusahihisha: umefanya kazi uliyopewa au la, mpangilio wa mawazo, msamiati, na sarufi. Kila kimoja kina robo ya alama. Kwenye kigezo cha kwanza, jibu lisilo na picha ya jumla iliyo wazi hukwama bendi ya 5 (bendi ndizo alama za IELTS, na ya juu kabisa ni 9), hata tarakimu zake zote ziwe sahihi. Watu wengi wanaolalamika kwamba wamebaki 5.5 kwenye kuandika miaka nenda rudi, ukifungua karatasi zao, hiyo aya haipo. Au ipo chini kabisa, sentensi moja iliyochoka, baada ya tarakimu kumi na mbili.

Iweke ya pili, mara tu baada ya sentensi ya kufungulia. Isiwe na tarakimu. Itokane na mishale:

"Overall, both populations are projected to grow older, with a smaller share of children and a larger share of elderly people. However, Country A will remain far younger than Country B, and the working-age group will move in opposite directions."

Sentensi mbili zimebeba mwelekeo wa pamoja, pengo na tofauti. Njia ya kuipima ni kufunika sehemu nyingine yote ya jibu na kumpa mtu asiyeiona grafu asome hizo mbili. Akiweza kukuchorea kwa kidole grafu inavyoelekea, imekaa. Akikuuliza "kwa hiyo nini kimetokea?", iandike upya.

Hatua ya tano: aya mbili za undani

Swali la kujiuliza ni uzigawe aya kwa nchi, kwa mwaka au kwa kundi la umri. Wengi hugawa kwa nchi kwa sababu ndivyo grafu ilivyokaa kwenye karatasi: aya ya A, aya ya B. Mimi siipendi njia hiyo. Inakufanya uandike hadithi mbili zisizokutana, na swali limesema linganisha. Ukigawa kwa mwaka, aya ya kwanza 2020 na ya pili 2060, nchi zote mbili zinaingia kwenye sentensi moja bila kulazimisha. Kugawa kwa kundi la umri kunafaa pia, hasa miaka ikiwa mitatu au minne.

Aya ya 2020 inaweza kwenda hivi:

"In 2020, children under 15 made up 44% of the population of Country A, more than three times the figure for Country B. The opposite was true of people aged 65 and over, who accounted for just 3% in the former but 28% in the latter."

Tazama kilichoachwa. 53% na 59% hazijatajwa, kwa sababu mwaka huo hazitofautiani sana. Zitaingia aya ya pili, zinapoanza kupishana. Hata ile 13% haikuandikwa. "More than three times" imeifanyia kazi. Kuacha tarakimu kunawatia watu hofu, wanaona kama wamekosa. Lakini kuchagua ndiko kunakopimwa, na karatasi ya maneno 170 iliyochagua vizuri huizidi ya 240 iliyotaja kila kitu.

Aya ya 2060 iandike mwenyewe, nakupa tahadhari mbili tu. Ya kwanza, wazee wa Nchi A wanatoka 3% hadi 7%. Ni zaidi ya mara mbili, na "more than double" inasikika kubwa. Lakini 7% bado ni kidogo, na msomaji asipoambiwa hivyo atadhani A imejaa wazee. Ya pili, wazee wa Nchi B wanatoka 28% hadi 39%. Usiandike "rose by 11%". Asilimia 11 ya 28 ni 3 na ushei, kwa hiyo ungefika 31 tu. Andika "rose by 11 percentage points", au ukwepe kabisa na useme "rose from 28% to 39%".

Zikija piramidi badala ya duara, kazi ni ileile ila uteuzi unakuwa mkali zaidi. Piramidi ya makundi ya miaka mitano mitano, kutoka 0–4 mpaka 80 na zaidi, ina nguzo 17 za wanaume na 17 za wanawake. Usijaribu kuzipitia. Eleza umbo: kitako kipana au chembamba, panapobonyea, panapovimba. Kisha zikusanye nguzo kuwa makundi matatu yale ya kawaida, na utaje upande wa wanaume na wa wanawake pale tu unapotofautiana kwa jicho, mara nyingi kule juu kwenye wazee.

Kiingereza chenyewe

Makosa ya watu wetu kwenye grafu za umri ni machache na yanajirudia, kwa hiyo yanafundishika.

Umri kwanza. Kwa kuwa tunasema "wenye miaka 60", mkono unaandika "people with 60 years". Sahihi ni "people aged 60 and over". Watoto ni "children under 15" na watu wa kazi ni "those aged 15 to 64". Kariri hizo tatu, zitakufikisha popote. Ukitumia "between", mwenzake ni "and", si "to".

"Population" inachukua kitenzi cha umoja ikiwa ni jumla: "the population of Tabora was". Ukitaka wingi, sema "people were". Na usiandike "the chart is showing" eti kwa kuwa tunasema "inaonyesha"; andika "the chart shows".

"Increased up to" ni "iliongezeka hadi" yetu iliyovaa suti. Tumia "increased to" kwa pale ilipofikia na "increased by" kwa kiasi kilichoongezeka. Ukivichanganya hivyo viwili, tarakimu yako inageuka uongo.

Kwa makadirio, vinatosha "is projected to" na "is expected to", kisha endelea na "will". Si lazima kila sentensi ibebe neno la makadirio. Msomaji ameshajua 2060 haijafika.

Halafu kuna wale wanaobeba orodha za maneno makali kutoka vikundi vya WhatsApp. "Plummet", "skyrocket", "soar". Watoto wa Nchi B wametoka 13% hadi 10%. Hilo halikuporomoka, limeteleza kidogo, "fell slightly". Neno zito kwenye badiliko dogo halikupandishi msamiati, linakuonyesha huna kipimo. Wasahihishaji pia huzitambua sentensi za kukaririwa haraka sana, maana wameziona kutoka kila kona ya dunia.

Mazoezi kwa data ya kwetu

Huna haja ya kununua vitabu ili upate grafu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka matokeo ya sensa mtandaoni, yenye majedwali ya umri na jinsia. Chukua jedwali, likusanye kuwa makundi matatu, chora grafu kwa penseli, halafu liandikie. Kuchora mwenyewe kunasaidia kuliko watu wanavyodhani: unaanza kuona mtungaji wa swali anachotaka uone.

Ukitaka kuanza na kitu chepesi, anza na mikoa hii miwili. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,127,930 Kigoma na 2,291,623 Tabora. Ile ya 2022 ilihesabu 2,470,967 Kigoma na 3,391,679 Tabora. Pengo lilikuwa watu kama 164,000. Miaka kumi baadaye limepita 920,000. Tabora imeongezeka kwa asilimia 48, Kigoma kwa 16. Tarakimu ndefu namna hii hazifai kuingia nzima kwenye jibu, zikate:

"In 2012 Kigoma and Tabora were almost level, at 2.1 and 2.3 million people respectively. Ten years later, however, Tabora had grown by nearly half to 3.4 million, whereas Kigoma had reached only 2.5 million."

Na hapo hapo utasikia ulimi unawasha. Mtu wa Urambo atataka kutaja mashamba ya tumbaku, wa Igunga wafugaji, wa Kigoma kila kitu tangu bandari mpaka reli. Ulimi huo ndio wa kuuzuia. Nina mwanafunzi anayeandika sababu zake zote kwenye karatasi ya pembeni kwanza, anaikunja, anaiweka mfukoni, ndipo anaanza jibu. Sijui kama chumba cha mtihani kitampa nafasi ya hayo, ila nyumbani inamsaidia.

Fanya mazoezi kwa saa mezani. Wengi wa huku husafiri mbali kuufikia mtihani, na kuna wanaofungua madaftari treni ikiwa imeshaiacha Tabora. Muda huo lala.

Dakika mbili za mwisho

Usiandike hitimisho, picha ya jumla imeshafanya kazi hiyo juu. Badala yake pitia mambo manne kwa haraka. Kila tarakimu iko upande wa nchi yake? Kubadilishana A na B ni kosa la kawaida mno na linaumiza. Vitenzi vya 2020 viko wakati uliopita? "Aged" ipo mahali pake? Kuna neno linaloeleza sababu, kama "because" au "due to"? Likiwepo, futa sentensi nzima.

Kwenye kompyuta maneno yanahesabiwa yenyewe kwenye skrini. Kwenye karatasi, hesabu maneno ya mistari mitatu, tafuta wastani, zidisha kwa idadi ya mistari. Ukikuta hujafika 150, rudi kwenye mishale utafute ulinganisho ambao hujautaja na uuongeze kwenye aya ya undani. Kwa mfano wetu, watu wa umri wa kazi kwa kawaida ndio wanaosahaulika. Saa ikigonga dakika ya 20, liache jibu lilivyo na uhamie kwenye insha, hata kama sentensi ya mwisho hujaipenda.